Uwanja Alikoliliwa Mwinjuma

Vita vilikwisha, askari wakarudi, lakini matanga ya Mwinjuma hayakuanuliwa. Mama yake, Bi Somoe, alikataa. Majirani wa Temeke walimsihi isomwe hitima, msiba uishe. Yeye akaendelea kulala chini.

"Nitaanuaje," aliwauliza, "na sijui kama mwanangu alizikwa kama mtu au alifukiwa tu?"

Kwao Wangindo, maiti ambaye watani hawakumfanyia utani ni kama maiti aliyetupwa.

Asubuhi moja akasikia hodi. Mlangoni alisimama kijana wa Kingoni, kabila la watani wa Wangindo, koti la jeshi limempwaya. Alijitaja: Albano, wa kikosi kimoja na Mwinjuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wangoni nanyi siku hizi mnabisha hodi? Babu zako waliingia na mikuki."

"Mikuki tumeiuza, mama. Wangindo wa kuteka wamekwisha."

Bi Somoe alitaka kucheka, akajizuia. Alimkaribisha uani, akamwuliza lile lililomkosesha usingizi: mwanawe aliachwa mahali gani?

Albano alivuta kinu, akakisimamisha: huo mnara wa msikiti. Mbuzi ya kukunia nazi ikawa kanisa la Wataliano, upande wa pili. Katikati akaweka kifuu: kisima. Ulikuwa mji wa kale kando ya Bahari ya Kati, na huo ndio uwanja wake. Nguzo za msikiti, alisema, zilichongwa na Warumi waliokuwa wakiabudu masanamu. Waarabu walizikuta, Waturuki wakaongeza mnara, Wayahudi wakafungua maduka chini ya matao.

"Sasa huo uwanja ni wa nani?"

"Kila aliyekuja alijenga, mama. Na hakuna aliyebomoa vyote."

Kikosi chao kilipelekwa pale kuzoa vifusi vya mabomu, na ukuta ukamwangukia Mwinjuma. Wazee wa msikiti walimwosha, wakamvika sanda, wakamlaza kwenye jeneza hapo uwanjani ili asaliwe.

"Na wewe?" Bi Somoe aliuliza polepole.

"Mie nililala kando ya jeneza nikakoroma. Nikamwambia, amka, Mngindo mvivu wee, vifusi vyote unaniachia mie?"

Uwanja ulichafuka. Watu wale hawakujua utani. Waliona mgeni anamdhihaki maiti. Mmoja alimkaba ukosi. Ndipo bibi mmoja, muuza mikate, akamwinamia Albano, akaona machozi yanavyomchuruzika huku anakoroma. Akaubandua ule mkono, kidole kwa kidole. Kisha akaketi naye mavumbini, akalia naye, mpaka jeneza likainuliwa.

"Bibi huyo jina lake nani?"

"Sikujua kuuliza, mama. Hatukuwa na lugha."

"Dini yake?"

"Hata hiyo sijui."

Bi Somoe alisogea kwenye ua wa makuti akamwita jirani.

"Bi Mwanaidi, mwambie mwalimu wa chuo: hitima Ijumaa." Akamgeukia Albano. "Na wewe uje utucheze shere kama ilivyo haki yako. Yule bibi naye tutamwombea."

"Kwa jina gani, mama?"

"Mama Mwinjuma," alisema, akifuta macho kwa upindo wa kanga. "Siku ile alikaa pahali pangu."