Magari Uwanjani

Kocha alikuwa amekwisha kulifunga goti lake bandeji, na wasichana wanapasha misuli moto, gari la kwanza lilipoingia uwanjani na kuegeshwa chini ya goli la kikapu. Likafuata la pili, kisha jingine. Mlinzi, mzee aliyemjua kocha tangu alipokuwa mwanafunzi na mchezaji wa chuo hicho hicho, akaja akiyakwepa macho yake. Alisema ni agizo kutoka juu: kuanzia leo uwanja wa kikapu ni maegesho ya wakubwa.

"Na mechi ya Jumamosi, baba?"

"Mwanangu, mimi nafungua geti tu."

Kocha akapanda ngazi akichechemea hadi ofisi ya makamu mkuu wa chuo. Karani akamweka kwenye benchi mpaka chai ya wakubwa ilipokwisha. Ukutani ilining'inia picha ya timu iliyotwaa ubingwa: yeye katikati, kijana, na makamu pembeni amelikumbatia kombe utadhani ndiye aliyefunga. Goti liliumia katika fainali ile. Chuo kilimpigia makofi. Hospitali alipelekwa na mama yake.

Makamu alimpokea kwa bashasha. Alimwita bingwa wetu, akamjulia hali ya mguu. Kocha akamweleza kwamba timu isipofanya mazoezi itafungwa, ikifungwa inashuka daraja, na wasichana wanaosomeshwa kwa ajili ya kikapu watarudishwa makwao.

"Wakafanyie kwingine," alisema makamu.

"Wapi, mkuu?"

Makamu akaiangalia simu yake, ingawa haikuwa imelia.

Aliposhuka, wasichana walikuwa wameketi ukingoni wakivua viatu. Nahodha, binti mrefu asiyeishiwa utani, akasema basi wafundishwe udereva. Walicheka kidogo. Kocha alizitazama nafasi kati ya gari na gari.

"Fungeni kamba," alisema. "Hawa ndio mabeki wenu leo. Wana miili, lakini hawaruki. Piteni katikati."

Walianza kwa woga. Mpira ukadunda baina ya milango, ukagonga boneti, king'ora cha gari kikaanza kulia. Makamu akatokea dirishani, akamwamuru mlinzi awatoe wote. Kocha akapuliza filimbi, zoezi lirudiwe.

Mzee akatoka getini, akaanza kuja, polepole, polepole kuliko hata umri wake ulivyomlazimu.