Floribert Aenda Ukweni Klasi ya Kwanza

Nasema mbele ya watu, na yeye mwenyewe akiwepo nitasema: mdogo wangu Floribert alisoma, lakini akili walisahau kumpa. Sikilizeni, kisha mniambie kama nakosea.

Ilikuwa mwaka 1961, mwezi wa sita, baridi ya kuuma masikio. Katanga ilikuwa nchi siku zile, au tuseme tuliambiwa hivyo. Tulikuwa na bendera yetu, stempu zetu, falanga zetu mpya, na watu waliotembea katikati ya barabara kwa sababu barabara sasa ni yao. Floribert alikuwa mmoja wao. Alikuwa karani, na Mzungu wake aliporudi Ubelgiji, yeye akarithi kiti cha Mzungu, meza ya Mzungu na kazi yote ya Mzungu. Mshahara ulibaki wa Floribert. Lakini kile kiti kilizunguka, na toka siku alipokikalia hatukusemeshana vizuri tena.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka Lubumbashi kwenda Likasi, ambayo kwenye tikiti iliandikwa Jadotville, kujitambulisha kwa wazazi wa Kunda, mchumba wake. Wazazi wetu sisi walishakufa. Kwa hiyo mimi Hortense, dada yake mkubwa, muuza samaki wa chumvi katika soko la Katuba, nilikuwa baba, mama na mjomba. Nilibeba vitenge viwili, kuku hai na mdomo wangu.

Kunda alikuwa mwalimu wa ushonaji, msichana wa kucheka kwa sauti, na alikuwa amewakataa wanaume wawili kwa ajili ya huyu wangu. Na Floribert alimpenda, hilo siwezi kukana; alikonda kabisa. Ilibaki wazazi wakubali. Ilibaki siku moja tu ya kuwa mtu mwenye adabu.

Tikiti nilinunua mimi, mbili, klasi ya tatu. Tulipofika kwenye treni, Floribert akaanza kuniita Yaya, yaani dada mkubwa, kama kila anapotaka kitu.

"Yaya, niko nawaza. Papa Faustin, baba ya Kunda, atatungojea kule gare, kwa stesheni. Ataona tunashukia wapi."

"Na atuone! Klasi ya tatu haina mlango?"

"Mais Yaya, ule muzee ni muntu wa reli! Aliendesha treni miaka makumi tatu. Bantu ba reli habaangalie uso, banaangalia vago, behewa ulilopanda."

Akaenda dirisha la tikiti kuuliza bei ya kuongeza. Akarudi. Akaenda tena kuuliza kama bei ni ileile. Akamuuliza askari, askari akamwambia mtu huru anakaa anapotaka. Akamuuliza mchukuzi wa mizigo, na mchukuzi akamjibu kwamba mabehewa yote yanafika Likasi pamoja. Nilitaka kumkumbatia yule mchukuzi.

Hapo akapita Mzungu mmoja mwenye gazeti, akapanda klasi ya kwanza bila kumuuliza mtu. Floribert akamfuata kwa macho.

"Mwaka uliopita, Yaya, mulango ule tuliuosha tu. Leo niogope?"

Ni kweli, baba yetu alisugua viti vile mpaka mgongo ukapinda, na hakukalia hata kimoja. Roho iliniuma, nikamwambia: "Haya, nenda. Kaa kwa ajili yake pia." Akalipa nyongeza, akaweka tai sawa, akapanda. Mimi nikaenda nyuma na kuku wangu, na kosa hilo la kwanza ni langu.

Klasi ya tatu ilikuwa imejaa, lakini nilipata mahali. Tuliposimama kwenye stesheni ndogo ya kwanza, nikaona mama mmoja mwenye kitenge kizuri anakuja kutoka mbele ya treni na kikapu chake, anapanda kwetu. Watu wakacheka: nani anatoka mbele kuja nyuma? Nikamsogezea nafasi. Alikuwa anahema.

"Pole, Mama. Huko mbele kulikuwa nini?"

"Mutoto wangu, wacha tu. Bwana yangu ni wa reli, balimupatia permis ya kupanda klasi ya kwanza bure, njo natembea nayo. Nilikuja Lubumbashi kuona mujukulu, sasa narudi. Leo nafungua mulango, namukuta mukwe wangu amekaa."

"Mkwe wako?"

"Hajaoa bado. Anakuja kwetu leo kujitambulisha. Lakini mwanangu alinionyesha foto yake, naye alimuonyesha yangu."

Kwetu, mkwe na mama wa msichana hawakai mahali pamoja kabla ya siku ile mama anapompikia na kumfungulia nyumba. Wakikutana njiani, ni mkwe anayeingia kwenye majani, hata yawe majani ya upupu, mama apite. Mtoto mdogo anajua. Mlevi anajua.

"Nikafunika uso," akasema yule mama, "nikamupa mugongo, nikangoja atoke. Aliangalia tikiti yake. Aliangalia dirisha. Akabakia."

Nikajua anamsema Floribert wangu. "Labda hakukujua, Mama."

"Alinijua. Alikunja miguu nipate nafasi ya kupita."

Ndipo yule kuku akapiga kelele. Mama akamtazama kuku, akatazama vitenge, kisha akanitazama mimi vizuri.

"Weye njo dada yake?"

"Njo miye, Mama." Nilitamani sakafu ya treni ipasuke.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. "Sikia," akasema. "Treni itasimama Luishia. Akishuka pale, akakuja kusimama huku nyuma, hata kwa mulango, miye sikuona kitu. Kunda ni wake. Akibakia, basi."

Treni ilipofika Luishia, nilimwachia mama kuku, nikaruka kabla haijatulia. Nilikimbia kando ya mabehewa, kitambaa cha kichwa kikaanguka, sikukiokota. Nikagonga dirisha la klasi ya kwanza kwa ngumi. Floribert akalifungua kidogo tu, kama mtu anayeogopa upepo.

"Shuka! Mama ya Kunda iko kule kwetu. Anasema ukishuka sasa, amesamehe."

"Yaya, punguza sauti."

"Nitapunguza nini? Shuka!"

"Siwezi. Mule ndani iko Muzungu." Jasho lilimtoka na baridi ile yote. "Nikisimama atasema bamenifukuza. Atasema, unaona bale, hata uhuru habawezi kuukalia."

Nikachungulia. Mzungu alikuwa amelala. Gazeti limemfunika kifua, mdomo wazi, anakoroma.

"Floribert, ule iko analala!"

"Anaweza kuamka."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kibemba, na kwa Kifaransa kile kidogo nilichonacho. Nikamwambia anampoteza Kunda, sasa hivi, hapa Luishia. Machozi yakamjaa macho, naapa niliyaona, na bado makalio hayakuondoka kwenye kile kiti. Kengele ikalia. Nikarudi nyuma peke yangu.

Mama alitazama nyuma yangu, hakuona mtu, akajifunga kitenge vizuri. Alinimegea kiazi kitamu, tukala, na treni ikatufikisha Likasi.

Papa Faustin alikuwa amesimama mbele ya klasi ya kwanza, kofia yake ya reli kichwani, na Kunda kando yake na viatu vipya. Floribert akashuka na tai yake. Mzee akamshika mkono kwa mikono miwili, uso umejaa furaha. "Voilà muntu!" akasema, yaani huyu ndiye mtu. Ile vago ilifanya kazi yake, sikatai. Kisha mzee akatazama mlangoni, akingoja mke wake ashuke.

Mke wake alikuja kutoka nyuma, akitembea pole pole urefu wote wa ile treni, mimi kando yake. Kunda akakimbia kutupokea.

"Mama! Si uko na permis? Juu ya nini unatokea kule?"

"Mukwe alikuwa amekaa," akasema mama.

Hakusema zaidi. Papa Faustin akaachia mkono wa Floribert, akaupangusa kwenye koti. Kunda akageuka kumtazama mchumba wake, na kwa kitambo kile alimngojea aseme neno lolote, hata la uongo. Angemwamini, nilimwona.

"Kunda," akasema Floribert, "mule ndani mulikuwa Muzungu. Singeweza kusimama mbele yake."

Mzungu ndiyo kwanza alikuwa anashuka, macho yamevimba kwa usingizi. Alijinyoosha, akapita katikati yetu bila kutazama mtu, akaenda zake. Kunda akamfuata kwa macho mpaka akapotea.

"Alors, muoe ule," akamwambia Floribert.

Akachukua kikapu cha mama yake, wakaenda nyumbani.