Nondo Mwekundu

Fundi Brashi alikuwa mkaidi, na mimi sina sababu ya kumpamba. Kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa kutengeneza picha za kale za vipepeo na nondo, zile zilizochapwa kwa bamba la shaba kisha zikatiwa rangi kwa mkono, bawa baada ya bawa. Rangi ikipauka, yeye huirudisha, na brashi yake haikuwahi kuvuka mstari.

Binti yake wa pekee, akiwa na miaka sita, alimwonea huruma nondo mmoja wa kijivu aliyekaa katikati ya vipepeo wa kila rangi. Akampaka wekundu mpaka ukingoni mwa karatasi. Fundi alimchapa. Na hakuishia hapo, maana kila mgeni alisimuliwa kisa hicho mtoto akisikia. Picha akaitia kabatini, ati ataisafisha akipata nafasi. Binti alipokua aliondoka, simu zikapungua, mwisho zikakoma.

Tangu mkewe afariki, fundi alikuwa akiosha sahani moja na kijiko kimoja. Upweke ulimkaba hasa. Asubuhi moja, kwa kukosa la kufanya, akamtoa yule nondo, akalowesha pamba na kufuta taratibu mpaka kijivu kikarudi. Akajisifu mwenyewe, kwani nani mwingine angemsifu?

Mchana simu ikalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepotea sana, mama."

"Nimemsimulia mwanangu habari za nondo wangu. Bado yupo?"

"Yupo."

"Nilidhani ulishamfuta siku nyingi. Kumbe ulimtunza. Tutakuja Jumamosi, baba. Tutalala hapo."

Fundi akakoroga wekundu uleule, akapaka. Rangi ikajaa bawa, ikasimama mstarini. Akataka kuvuka, mkono ukagoma. Akahamia mkono wa kushoto, akafumba macho, wapi! Kila alipoyafumbua, mstari ulikuwa salama.

Jumamosi mjukuu aliishika picha kwa mikono miwili. "Mama, ulikuwa unajua kuchora!"

Binti akapitisha kidole mstarini, pale wekundu ulipokoma, kisha akamtazama mzee.

"Hii ni kazi yako, baba," akasema kwa upole, akainama kutafuta viatu vya mtoto.