Kosa Nilibebe Mimi

Pikapu ilikuwa imeshaanza kutembea dada alipotoka mbio jikoni, mikono imejaa povu la sabuni, akazing'ang'ania mbao kwa nyuma kama anayemzuia mwizi.

"Kitambaa changu! Nani kafunga kitambaa changu cha kichwa kwenye mbao?"

"Mimi," nikasema, kichwa nje ya dirisha. "Mbao zimechomoza mita nzima na ushee. Sheria inataka kitu chekundu mwishoni."

"Sheria ikanunue chake! Hicho hata sijakivaa."

Akakifungua. Mpwa wangu, fundi seremala, mwanawe wa pekee, alikuwa kwenye usukani anacheka. "Twende, mjomba. Karakana ni hapo tu, nani atatuona?"

Ningeshuka nikatafuta kitu kingine, hata mfuko mwekundu wa plastiki. Sikushuka. Nilikuwa nimeshakaa vizuri.

Kwenye mteremko wa shule mpwa alisimama kuwapisha watoto wavuke. Lori la kokoto lililokuwa nyuma yetu halikusimama. Mbao zilipasua kioo cha nyuma, moja ikapita katikati yetu, pikapu ikasukumwa hadi kwenye nguzo, na chuma kikalibana goti la mpwa wangu mpaka wakaja watu na nondo kumtoa. Mimi nilitoka na mchubuko sikioni. Dereva wa lori alishuka simu ikiwa bado mkononi, inaongea yenyewe: "Haloo? Mbona umenyamaza?" Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile natamani kuvunja kitu.

Daktari alisema goti lipasuliwe, la sivyo kijana hatasimama tena kwenye meza ya kazi zaidi ya robo saa. Na useremala wa vitanda na milango ni kazi ya kusimama. Gharama ya upasuaji hatukuwa nayo, na hakuna wa kutukopesha. Tegemeo letu lilikuwa bima ya lile lori. Fidia ikitoka kamili, goti linapasuliwa. Ikipungua, basi tena.

Tulikwenda watatu ofisi ya bima. Aliyetupokea tulimbatiza Bwana Upande, maana hakuweza kumaliza sentensi bila upande.

"Kwa upande mmoja, dereva wetu alikuwa na simu, hilo halina ubishi. Kwa upande mwingine, anasema mzigo wenu haukuwa na alama."

"Ana ushahidi?" mpwa akauliza, magongo yake yameegemea meza.

"Hana. Mbao zilitawanyika, hakuna aliyepiga picha. Ndiyo maana nawauliza nyinyi. Alama ilikuwepo?"

"Andika dereva wako alikuwa na simu."

"Hilo nimeandika. Nauliza alama."

Mpwa akavuta magongo yake karibu. Dada akainamia sakafu. Nikamwonea huruma. Nimezunguka sana, nimeona kesi nyingi za ukoo zikiamuliwa, na kila mahali mtu mzima akisimama akasema kosa ni langu, mdogo anaachiwa. Nikadhani na pale ni hivyo. Nikilibeba mimi, litawatoka wao wawili.

"Kosa ni langu, bwana," nikasema. "Mzigo niliufunga mimi. Alama haikuwepo. Kijana hana hatia. Niandike mimi."

"Mjomba, nyamaza!"

"Sinyamazi. Mimi ni mtu mzima."

Bwana Upande aliandika kwa raha, kama anayemwandikia mchumba. Akanigeuzia karatasi, nikatia sahihi.

"Asante, mzee. Umetusaidia sana. Sasa, mzigo ni jukumu la mwenye usukani, haijalishi aliyeufunga ni nani. Kwa hiyo kijana ana sehemu yake ya kosa. Tunaikadiria asilimia arobaini, na fidia yake itapungua kwa kiasi hicho hicho."

"Nimesema kosa ni langu!"

"Wewe kwenye fomu hii ni shahidi tu."

Niliipiga meza, kalamu zake zikamwagika. "Arobaini ya nini? Huyu alisimama watoto wavuke, yule alikuwa anapiga soga! Angekiona kitambaa wakati hakuona pikapu nzima? Pikapu ya njano!"

"Kwa upande mmoja, mzee, nakuelewa…"

"Usinielewe! Nijibu!"

Dada naye akanyanyuka. "Na daktari nimwambie nini? Ampasue goti asilimia sitini?"

Bwana Upande akamwita mlinzi wa mlangoni.

Kwenye korido dada alinigeukia. "Sheria ya mbao unaijua, ya kufunga mdomo huijui? Nani alikutuma?"

"Na kitambaa nani alikifungua?"

"Yarudie hayo, uone!"

"Kichwa chako kingepungukiwa nini kukaa wazi siku moja?"

"Na wewe ungepungukiwa nini kushuka kwenye gari? Au makalio yalikuwa yameota mizizi?"

Mpwa alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, anatutazama kama watu asiowajua.

"Gawaneni taratibu," akasema. "Mama chukua ishirini, mjomba ishirini. Goti mniachie mimi."

Tuliambiwa tuna haki ya kwenda mahakamani. Tungekwenda, lakini karatasi yenye sahihi yangu ingefika kabla yetu. Mwezi wa tatu tangu ajali mpwa alikubali zile asilimia sitini. Zililipa deni la hospitali na kodi ya karakana, zikaisha. Goti halikupasuliwa. Siku hizi anafanya kazi ameketi, anatengeneza vigoda na fremu za picha. Wateja wa vitanda wamehamia kwa fundi wa jirani. Pikapu iliuzwa chuma chakavu. Dereva wa lori alipewa lori jingine. Bwana Upande amepandishwa cheo, yuko ghorofa ya juu. Dada anauza sabuni za maji nyumbani, na tukipigiana simu tunaongea habari za mvua. Mimi, niliyekuwa nikiishi kwake, niliondoka wiki ileile ya ofisi ya bima, na sasa nalinda ghala la saruji mji mwingine.