Nyota Tano za Mama Agape

Mimi ni mkali, nasema mapema. Kibanda changu cha ushonaji kiko karibu na stendi ya Same, na makondakta wote pale wananijua: ukinionea, unalo. Lakini Jumanne ile ukali wote uliniyeyuka, nikabaki na hofu tupu.

Diski yangu ya kuhifadhia mafaili ilikuwa inalia. Ka. Ka. Ka. Anderson, fundi kompyuta tunayepakana vibanda, aliichomoa upesi kwenye kompyuta yake.

"Mama Agape, ulinunua wapi hii?"

"Mtandaoni. Duka la Dar. Watu mia nne wameisifia!"

Na kweli walikuwa wameisifia. Nyota tano, tano, tano. Mmoja alijiita Mama Esta wa Ndungu, nikasema huyu ni wa kwetu, hawezi kunidanganya. Mmoja tu aliandika kwamba yake ilianza kugonga baada ya miezi mitatu. Nilimwita mwenye wivu, nikanunua.

Ndani ya diski ile alikuwemo baba mkwe wangu, mzee Eliufoo. Wiki mbili kabla hajafariki alikaa barazani kwake kule Mamba milimani, nikamrekodi kwa simu, akasema kwa Chasu, Kipare chetu, kilichonyooka: "Shamba la tangawizi lililo chini ya mfereji, kutoka masale haya ya mpakani mpaka masale yale, ni la Jesca, mjane wa mwanangu Sadock, na binti yake Agape. Asiliguse mtu." Shahidi alikuwa mzee Hezroni peke yake, naye tulimzika mwezi wa pili. Simu ilipoanza kufa, Anderson alinihamishia kila kitu kwenye diski. Sikumwonyesha mtu. Nilitaka shemeji yangu Sylvester, anayelitamani shamba hilo, asimame kwenye kikao cha ukoo, aseme baba hakuacha neno, ndipo nimwashie sauti ya baba mbele ya watu wote aaibike. Na kikao kilikuwa Jumamosi hiyo.

"Itapona?" nikauliza.

"Usiichomeke tena popote," Anderson akasema. "Nina mwenzangu Moshi anazifungua, anatoa vilivyomo. Ila akifungua, hii stika inachanika, na stika ikichanika, waranti imekufa."

Hapo ndipo nilipopotea. Waranti ni miaka miwili, mimi nimeitumia miezi mitano! Haki yangu niiue kwa mkono wangu mwenyewe? Thubutu!

"Wenye duka ndio watakaoitengeneza," nikasema. "Wameahidi kwa maandishi."

"Mama Agape, nisikilize. Waranti ni ya..."

"Niache!"

Anderson ni Msukuma, akacheka kwa kukata tamaa. "Ninyi Wapare! Ndiyo maana mnauza ng'ombe kwa kesi ya kuku."

Nikaibeba diski ndani ya khanga mpaka kwa wakala wa duka lile, kijana Wilson, pale stendi. Aliigeuza mara mbili, akasema nimeidondosha. Nimeidondosha! Nilipandisha sauti mpaka abiria wa Tanga wakachungulia madirishani. Nikamwambia nina simu na nina vidole, nitawaandikia nyota moja na jina langu kamili, kila mtu alisome. Wilson akampigia bosi wake. Nilipopewa simu, bosi akawa mpole ghafla.

"Mama yangu, usifike huko. Mkabidhi Wilson hiyo mbovu, saini fomu, keshokutwa unapokea mpya. Wewe tuandikie tu neno zuri leo, tusaidiane."

Nikasaini. Sikuisoma fomu, nilisoma neno moja tu, WARANTI. Mtanicheka, lakini akilini mwangu ilikuwa kama laini ya simu: ikipotea unakwenda, unapewa nyingine, na namba yako ileile inarudi. Nikashika simu palepale kaunta, na kwa raha ya kushinda nikaandika: "Nyota tano. Nimebadilishiwa diski bila usumbufu, na vitu vyangu vyote vimerudi salama. Jesca Sadock, Same." Usiku huo nililala fofofo.

Alhamisi diski mpya ikaja na basi, imefungwa kwenye boksi linalong'aa. Anderson akaichomeka. Akanigeuzia kioo nione mwenyewe.

"Mbona hakuna kitu?"

"Ni mpya, mama. Itakuwaje na kitu?"

Nilikimbia stendi kiatu kimoja kikiwa mkononi. Wilson akasema mbovu zote ziliondoka Jumatano asubuhi. Akampigia bosi, akaweka sauti kubwa.

"Zikifika tunazipiga nyundo siku hiyohiyo," bosi akasema, "siri za wateja zisivuje. Iko kwenye fomu, mama. Na asante sana kwa zile nyota!"

Wanampiga nyundo mzee Eliufoo. Nilikaa chini kwenye vumbi, watu wananipita na mizigo. Agape yuko kidato cha pili, na ada yake inatoka kwenye tangawizi ile. Nikilikosa shamba, mtoto naye basi.

Jumamosi nilipanda gari la Mamba na ile diski tupu mkobani. Njia nzima nilijiambia: nitasema ukweli. Chombo kimeharibika, ni bahati mbaya, nani asiyejua vyombo vinaharibika? Anderson ameniandikia na barua ya kuthibitisha hilo. Wazee wana huruma.

Ukoo ulikaa uani kwa marehemu. Mzee Ibrahimu, mwenyekiti wa kikao, aliomba, kisha akanipa nafasi. Nikasimama. Nikaeleza yote: baba alivyosema, mzee Hezroni alivyosikia, diski ilivyokufa, sauti ilivyopotea. Nikaona shangazi mmoja anafuta macho. Moyo ukaanza kutulia.

Sylvester akasimama taratibu, simu mkononi.

"Shikamooni wazee wangu. Kelele za shemeji pale stendi zilinifikia, nami nikataka kununua diski kama yake, nikapitia maoni ya wateja wa duka lile. Niwasomee?"

Nilijua kabla hajaanza kusoma.

Akasoma polepole, neno kwa neno. Vitu vyangu vyote vimerudi salama. Jesca Sadock, Same. Tarehe ya Jumanne. Kisha akampa mzee Ibrahimu asome mwenyewe.

"Sauti ipo," Sylvester akasema. "Anaificha kwa sababu baba alisema kinyume chake."

"Uongo!" nikapiga kelele. "Niliandika kabla sijaipokea! Waliniomba!"

Mzee Ibrahimu akavua miwani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mke wetu, hapa kuna maneno mawili, yote ya kwako. Ulidanganya pale, au unadanganya hapa?"

"Pale, baba. Nilidanganya pale."

"Uliwadanganya watu usiowajua, wakatoe jasho lao kununua kitu hicho, kwa sababu uliombwa tu?"

Nilitoa barua ya Anderson, nayo ikazunguka mkono kwa mkono, lakini hakuna aliyeisoma mpaka mwisho. Shangazi alikuwa ameacha kufuta macho. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mlango aliodhani ameufunga, akaukuta wazi.

Waliamua shamba lirudi kwa ukoo mpaka sauti ipatikane. Nimepewa wiki mbili nivune kilichokomaa. Nilipokuwa nashuka, wajukuu wa Sylvester walikuwa wameshaanza kung'oa masale ya chini.

Nilipofika Same, simu ililia. Ujumbe kutoka dukani: watu sitini na mmoja wameona maoni yangu yamewasaidia.