Bastola Bwaloni

Mvua ya mawe ilipobomoa paa la kanisa lao mwezi wa nne, waumini wa mji mdogo wa Cutler's Fork walihamia shule ya msingi. Kila Jumapili walipanga viti ndani ya bwalo la chakula, wakasukuma piano kutoka chumba cha muziki, na Mchungaji Wendell akahubiri mbele ya dirisha ambapo siku nyingine watoto hupewa maziwa. Hakuna aliyeona taabu, isipokuwa Burl Haskett.

Burl alikuwa mzee wa miaka sitini na minane, fundi matrekta aliyestaafu, na kwa miaka sita alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa. Kazi yake ilikuwa kuwapa watu mkono wakiingia, na kubeba bastola chini ya koti, kwa kibali halali na kwa ombi la baraza la wazee. Kanisani aliruhusiwa. Shuleni ilikuwa marufuku. Sasa kanisa likiwa ndani ya shule, afuate lipi? Swali hilo lilimng'ang'ania kama kupe.

Alianza na mchungaji.

"Mzee Burl, jina la Mungu likiitwa mahali, pale ni kanisa," Mchungaji Wendell akamwambia, akimpigapiga begani.

Akaenda kwa mwalimu mkuu, Bi Dvorak.

"Shule ni shule hata Krismasi," akasema yule mama. "Hata panya wa humu ni panya wa shule."

Mwisho akamsimamisha Lonnie, askari wa kaunti, nje ya duka la mbegu. Lonnie alivua kofia, akajikuna kichwa.

"Inategemea, mzee."

"Inategemea nini?"

"Kama bodi ya shule imewapa idhini. Kama watoto wapo kwa shughuli ya shule. Halafu sheria ilibadilishwa mwaka juzi, ikabadilishwa tena mwaka jana."

"Na nikiiacha ndani ya gari?"

"Kwenye maegesho ni sawa. Nadhani. Usishuke nayo tu."

"Unadhani? Wewe ndiye askari!"

"Mzee wangu, kitabu ninachosoma mimi ndicho hicho hicho unachosoma wewe."

Basi Burl akaifungia bastola yake nyumbani, kabatini, na Jumapili akaenda kusimama mlangoni mikono mitupu. Alijihisi kama mtu aliyetoka nyumbani bila suruali.

Bi Oleta Frick, mpiga piano, hakuwa amemuuliza mtu yeyote chochote. Alikuwa mjane wa miaka sabini na tisa, mwenye mkoba mkubwa wa ngozi uliobeba dunia nzima: pipi, dawa za presha, picha za wajukuu. Jumapili ya pili ya mwezi wa sita, katikati ya wimbo, alinyoosha mkono achukue miwani. Mkoba ukaanguka, na kitu kidogo cheusi kikateleza juu ya sakafu iliyong'arishwa, kikapita katikati ya safu za viti na kukomea kwenye mguu wa meza.

Bastola.

Wimbo ulikatika. Burl, kwa mazoea, alikuwa wa kwanza kuinama. Aliiokota na kuelekeza mdomo wake chini.

Hapo taa za upande wa nyuma zikazimika.

Aligeuka. Kule nyuma kulikuwa na watoto kumi na mmoja wakipaka rangi picha ya safina, na mjukuu wake Junie, wa miaka minane, alikuwa kati yao. Sasa viti vyao vilikuwa vitupu. Brashi moja ilikuwa bado inabingirika mezani. Mmoja wao ndiye aliyezima taa. Hakuna aliyepiga kelele wala kulia. Walikuwa wamejibana kwenye kona nyuma ya friji ya maziwa, magoti kifuani, wakubwa wakiwaziba midomo wadogo, kama walivyozoezwa darasani kujificha mtu mwenye silaha akiingia. Watu wazima walikuwa bado wanaulizana bastola ni ya nani.

"Junie," Burl akaita, akipiga hatua. "Ni babu."

Junie akaweka kidole midomoni. Kisha akautazama mkono wa kulia wa babu yake, ulioshika bastola. Hakuutazama uso.

Burl akarudi nyuma. Sauti zikamwangukia kutoka kila upande.

"Iweke chini, Burl!"

"Asiiweke, kuna watoto!"

"Mrudishie mwenyewe!"

"Itoe nje!"

"Akitoka nayo si anatembea na silaha shuleni?"

"Kwani sasa hivi anafanya nini?"

Burl alisimama kama sanamu ya kufukuza kunguru shambani. Kila alichofikiria kilikuwa kosa. Mwishowe alitoa risasi, akaingia jikoni, akaitumbukiza bastola ndani ya sufuria kubwa ya supu, akafunika, akakandamiza kifuniko kwa mikono miwili. Akasubiri hivyo robo saa, jasho likimtiririka, mpaka Lonnie alipofika.

"Nani ameileta?"

"Mimi," akasema Bi Oleta. "Na usinitolee macho, Lonnie. Nilikufundisha piano ukiwa huna meno ya mbele. Marehemu mume wangu ndiye aliyeitia humo, nami nilishasahau kama imo."

"Nani ameishika?"

"Mimi," akasema Burl.

Lonnie akaandika majina yote mawili. Burl akamkodolea macho.

"Mimi pia? Yangu iko kabatini!"

"Sikatai. Lakini Bi Oleta aliileta bila kukumbuka. Wewe umeishika unajua kabisa ni nini, na unajua uko wapi."

"Kwa hiyo ulitaka niiache sakafuni, watoto wako pale?"

Lonnie akamsogezea daftari. "Sijui nilitaka nini, mzee. Weka sahihi hapa."

Barua ya mwendesha mashtaka ilikuja baada ya wiki tatu. Bi Oleta hakufungwa, ila bastola ilichukuliwa na akakatazwa kukanyaga shuleni mwaka mzima, hivyo waumini wakawa wanaimba bila piano, kila mtu na sauti yake. Burl hakushtakiwa. Aliisoma barua yake mara nne barazani. Aya moja ilisema alitenda kama mtu mwenye busara. Aya iliyofuata ilimwonya asirudie.

Junie alikuwa ameketi kwenye ngazi, akimenya mahindi mabichi ya chakula cha jioni. Tangu siku ile hakuwa amelitaja jambo hilo hata mara moja, wala babu yake hakuthubutu kuuliza. Sasa Burl aliikunja barua.

"Junie. Siku ile bwaloni. Ulinitambua?"

"Ndiyo."

"Ulijua kabisa ni mimi?"

"Si ulisema mwenyewe, ni babu."

"Sasa mbona hukuja?"

Junie akachomoa nyuzi za hindi moja moja. "Kwenye mazoezi mwalimu alisema tusitoke hata kama tunamjua mtu."

"Hata kama ni babu?"

Mtoto akafikiri kwa makini, kama anayepiga hesabu. "Hakusema babu. Lakini hakusema isipokuwa babu." Kisha akainua uso. "Nilikosea?"

Burl akafungua kinywa. Alitaka kumwambia kwamba babu yake hawezi kamwe kumdhuru, kwamba angeweza kumkimbilia. Akaona kwamba akisema hivyo atakuwa amelitoboa lile jambo moja ambalo siku ile lilikwenda sawasawa.

"Hapana, mama," akasema. "Ulifanya vizuri. Ulifanya vizuri sana."

Junie akaitika kwa kichwa, akachukua hindi jingine. Burl akashuka ngazi moja, akaketi kando yake, akaanza kumenya pia. Hakuelewa kwa nini jibu la kweli limuume namna ile.

"Babu," Junie akasema, "hilo unaliharibu. Anza juu."