Shingo ya Cadno

Mared Beddoes alikuwa na miaka arobaini na saba, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuingia uwanja wa maonyesho akiwa juu ya farasi. Aliwasugua, aliwaosha kwato, aliwapangusa pua dakika ya mwisho, kisha akamshikia hatamu kaka yake Aneurin apande. Baba yao, mzee Gomer, ndiye aliyeamua hivyo. Alisema mkono wa Mared ni mzito kwenye hatamu. Alilisema mara moja tu, binti akiwa na miaka kumi na sita, na neno likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Baadaye Aneurin alihamia Kanada, na mzee akapofuka. Ukungu ulianzia jicho la kushoto, ukahamia la kulia, na baridi ilipoingia alikuwa haoni hata taa ikiwashwa mbele ya uso wake. Farasi wakauzwa mmoja mmoja, akabaki Cadno, wa mwisho wa ukoo ule. Alikuwa mfupi, mpana wa kifua, mwenye miguu minene, wa aina ile ambayo watu wa milima ya Wales huiita kobu. Farasi wa kumbeba mtu mzito kutwa nzima bila kulalamika.

Kila asubuhi mzee alipapasa ukuta hadi bandani, akatia vidole ndani ya singa ndefu za shingo ya Cadno, na farasi akamtoa polepole mpaka lango la malisho. Walisimama hapo muda mrefu, mvua iwepo au isiwepo, kisha wakarudi vilevile. Mared aliwatazama kupitia dirisha la jikoni huku akiosha vyombo. Hakukumbuka baba yake kumshika mtu yeyote namna hiyo.

Mwezi wa tano, wakila nyama ya kondoo na viazi, Mared alisema anataka kumpeleka Cadno kwenye maonyesho ya Agosti. Mzee aliuliza atapandwa na nani.

"Na mimi, baba."

Mzee alitafuna akamaliza. "Basi usimpambe," alisema. "Kobu si bibi harusi."

Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake. Tangu jioni ile aliagiza vifaa vyote viletwe mezani, akavikagua kwa vidole. Hatamu nyembamba ya marehemu mkewe aliisukuma kando. Kichwa cha kobu ni kizito, alisema, ukikifunga kwa uzi kitaonekana kama nyundo. Ukanda wa paji wenye rangi nyekundu aliukataa hata kabla hajaugusa, alipoambiwa tu rangi yake. Alichagua hatamu ya zamani ya ngozi pana isiyo na nakshi, akaipitisha kidoleni inchi kwa inchi, akagundua mshono uliooza ambao Mared mwenye macho hakuuona. Ikapelekwa kushonwa. Tandiko likawa lile la ubavu ulionyooka, lisilofunika bega, maana mwamuzi hulitaka bega alione. Na Mared avae koti la sufu la rangi ya majani makavu, kofia nyeusi ya duara, glavu za ngozi, asivae hata kipini kinachong'aa.

Wiki zile walizungumza kuliko miaka ishirini iliyopita. Mzee alimweleza kwa nini lijamu hili na si lile, nani alishindwa mwaka gani kwa kujipamba kupita kiasi. Mara moja alicheka. Lakini shingo hakuitaja. Kobu wote aliowaonyesha maishani mwake alikuwa amewanyoa singa mpaka ngozini, kwa mkono wake mwenyewe, maana ndivyo kobu anavyoingizwa uwanjani. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote bondeni. Hakulisema, na Mared hakuuliza.

Aliyelisema ni Hester Gittins, jirani yao, aliyekuja kumtazama farasi siku tatu kabla ya maonyesho.

"Na hizo nywele?"

"Zitabaki."

"Shoga, utaingia na kobu mwenye nywele za mpiga piano? Wenzako wote watakuwa wamenyoa. Utawekwa mkiani kabla hujamaliza mzunguko."

Mared alimweleza habari za baba na ile safari ya asubuhi. Hester aliijua, wote waliijua. Alisugua kidevu, akasema nywele huota.

Siku moja kabla ya maonyesho, mzee akiwa amesinzia kitini baada ya chakula, Mared alichukua mashine ya kunyolea, akaenda bandani kumnyoa Cadno. Alianza nyuma akaelekea masikioni, taratibu, asiache ngazi. Cadno alisimama kimya. Singa zilipojaa sakafuni alizizoa kwa koleo, akazifukia chini ya samadi.

Asubuhi alimkuta baba yake ameshatangulia bandani. Kiganja chake kilikuwa juu ya ile shingo tupu, kikipanda na kushuka, kikitafuta. Mared alisimama mlangoni.

"Umenyoa vizuri," mzee alisema hatimaye. "Hakuna ngazi."

Akageuka kutoka, akaukosa mlango, bega likagonga mwimo. Mared alimpa mkono. Hakuupokea. Alirudi akipapasa ukuta, na kwenye maonyesho hakwenda.

Walikuwa kobu tisa uwanjani. Mwamuzi, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kikohozi, aliwapanda wote kwa zamu. Aliposhuka kutoka kwa Cadno alikaa kidogo akiitazama hatamu, akauliza nani alimvalisha. Mared akasema ni baba yake. Alipewa utepe mwekundu, wa kwanza. Hester, aliyekuja kutazama, alilia, Mared hakulia, alijisikia kama aliyefika nyumbani akakuta pamehamwa.

Jioni alimsimulia mzee kila kitu. Mzee aliuliza kama ule mshono mpya ulishika. Akajibiwa ulishika. Akaomba chai.

Kesho yake hakwenda bandani, wala siku iliyofuata. Mared alimfunga Cadno kamba laini shingoni, akamsihi baba ajaribu. Alijaribu mara moja, hatua kumi.

"Sasa ananivuta," alisema, akaiachia.

Baada ya hapo hakutoka tena jikoni. Miguu ilivimba, kifua kikajaa, na wiki ya kwanza ya Desemba alifariki asubuhi, mapema, Mared akiwa nje anabeba nyasi.

Siku ya mazishi, watu walipokwisha kuondoka, Hester alibaki kusaidia kuosha vikombe. Alimwambia Mared asijilaumu, mzee alikuwa na miaka themanini na mbili, na macho yalishamwondoa duniani zamani.

"Sijilaumu," Mared alisema. "Ningemnyoa Cadno tena. Hilo ndilo linalonitisha."

Hester alichukua kitambaa kingine kikavu, akaendelea kufuta.